Goti Bandia: Je, Mguu Lazima Unyooke Kama Mlingoti?

Leo nataka kuzungumza hasa nawe unayemtunza mtu mwenye maumivu ya magoti: mama yako mzazi, mama mkwe, baba, au nyanya aliyekulea, ambaye sasa hawezi kwenda sokoni wala kanisani bila kushikwa mkono. Pengine daktari amekwisha kuwaambia kwamba vidonge na mazoezi havitoshi tena, na kwamba goti linafaa kubadilishwa. Na pengine mlipoketi kama familia kulijadili jambo hilo, mmoja wenu aliyesoma habari kwenye simu alisema kuna njia mpya ya kuliweka goti bandia, kwamba ile ya zamani imepitwa na wakati, na kwamba heri muuze kipande cha shamba mgonjwa apelekwe ng'ambo kwenye roboti.

Kabla hamjauza shamba, tega sikio.

Kwanza tuelewane kuhusu upasuaji wenyewe, maana watu wengi hudhani goti zima hung'olewa likatupwa. Sivyo. Goti ni mahali ambapo mfupa wa paja hukutana na mfupa wa muundi. Ncha za mifupa hiyo zimefunikwa na gegedu, kitu cheupe kinachoteleza, kama kile unachokiona kwenye ncha ya mfupa wa kuku ukimkatakata jikoni. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa kulika kwa viungo, gegedu hilo huisha pole pole hadi mfupa ukasugua mfupa. Ndipo maumivu yanapokuja, hasa wakati wa kuteremka mlima au kuinuka kitini. Daktari wa upasuaji hukata vipande vyembamba kwenye ncha zile zilizoharibika, akavalisha mfupa wa paja kofia ya chuma, akaweka bamba la chuma juu ya muundi, na katikati yake akaweka plastiki ngumu na laini ya kutelezea. Mara nyingi vitu hivyo hushikizwa kwa saruji maalumu ya mifupa. Kano za pembeni, misuli na sehemu kubwa ya mifupa hubaki kuwa vya mgonjwa mwenyewe.

Sasa swali ni hili: daktari anapokata vipande hivyo, akate kwa pembe gani? Akiinamisha kidogo msumeno wake, goti bandia litaelekea ndani au nje. Hapo ndipo madaktari wa mifupa duniani wamekuwa wakibishana kwa miaka mingi, na hapo ndipo ile habari ya kwenye simu ilipotoka.

Njia ya kwanza ni ile ambayo fundi mwashi angeielewa mara moja. Fundi akijenga ukuta hushusha timazi, kile kizito kilichofungwa uzi, ili ahakikishe ukuta umesimama wima. Madaktari nao huchora mstari kutoka katikati ya kiungo cha nyonga hadi katikati ya kifundo cha mguu. Wakisema mguu umenyooka, maana yake mstari huo umepita katikati ya goti. Katika njia hii mifupa yote miwili hukatwa kwa pembe mraba, yaani digrii 90, kufuatana na mstari huo, ili uzito wa mwili ugawanyike sawa upande wa ndani na wa nje wa goti. Wazo hili lilipata nguvu katika miaka ya 1970, wakati madaktari kama John Insall wa New York na Michael Freeman wa London walipokuwa wakiunda magoti bandia yaliyo mababu wa yale tunayoyatumia leo. Goti lililobuniwa New York lilianza kutumiwa mwaka 1974.

Walikuwa na sababu nzuri. Magoti bandia ya mwanzo yalikuwa yakilegea mapema, na mengi ya yaliyolegea yalikuwa yamewekwa yakiwa yamepinda. Vyombo vya kupimia havikuwa sahihi sana. Ukiwa na chombo kinachoweza kukosea kidogo huku na huku, ni busara kulenga katikati, kwa sababu hata ukikosea hutakwenda mbali. Njia hii imefundishwa kwa madaktari wengi kote ulimwenguni, na hadi leo ndiyo iliyozoeleka zaidi.

Lakini ina gharama yake. Binadamu hakujengwa na fundi mwashi. Kwa watu wengi uso wa juu wa muundi haukukaa mraba kabisa. Umeinama kwa ndani kama digrii 3 hivi. Digrii 3 ni kiasi gani? Tazama saa ya ukutani. Kutoka alama moja ya dakika hadi inayofuata ni digrii 6. Kwa hiyo digrii 3 ni nusu ya dakika moja. Jicho haliwezi kuona tofauti hiyo kwa urahisi, lakini kano za goti huihisi. Mtu aliyeishi miaka 60 na mguu ulioinama kidogo, kano zake zimezoea hivyo. Daktari akiunyoosha mguu huo kama mlingoti, kano za upande mmoja hubaki zimekaza, na huenda akalazimika kuzilegeza kwa kisu ili goti lisawazike.

Mwaka 2012 madaktari wa Ubelgiji walichapisha utafiti uliowafanya wenzao wengi wakune kichwa. Walipima miguu ya vijana 250 wenye umri wa miaka 20 hadi 27, wasio na maumivu yoyote. Waligundua kwamba wanaume 32 katika kila 100, na wanawake 17 katika kila 100, walikuwa na matege ya kuzaliwa nayo au ya kukua nayo, ya digrii 3 au zaidi. Hao walikuwa watu wazima wenye afya, wakitembea na kucheza. Basi ikaulizwa: ikiwa mtu aliumbwa na matege kidogo na hayakumsumbua ujanani, kwa nini tumnyooshe uzeeni?

Niseme neno kidogo hapa kwa akina mama wenye watoto wadogo, maana najua swali linakuja. Mtoto mchanga kuwa na matege si ugonjwa. Watoto wengi huwa na matege hadi karibu miaka 2, halafu magoti huelekea kugusana wanapofika miaka 3 au 4, kisha miguu hujinyoosha yenyewe hadi karibu miaka 7. Kumbeba mtoto mgongoni hakumletei matege, hata kama shangazi atasema nini. Lakini matege yakizidi baada ya miaka 2, yakiwa ya mguu mmoja tu, au mtoto akiwa na vifundo vya mikono vilivyovimba na amechelewa kutembea, mpeleke hospitali apimwe, kwa sababu huenda ni ukosefu wa vitamini D au madini ya kalisi, na hilo lina tiba.

Turudi kwa nyanya. Njia ya pili ilianzishwa mwaka 2006 na daktari wa California, Marekani, aitwaye Stephen Howell. Fikra yake inafanana na ya fundi viatu kuliko ya fundi mwashi. Ukimpelekea fundi kiatu ambacho soli yake imelika upande mmoja, hajaribu kuubadilisha mguu wako. Hutazama soli imelika kiasi gani, akaongeza kiasi kile kile, na kiatu kikarudi kilivyokuwa. Daktari anayefuata njia hii hupima kila kipande cha mfupa anachokikata, milimita kwa milimita, akihesabu pia gegedu lililolika, ambalo mara nyingi huwa kama milimita 2. Kisha huweka chuma na plastiki vya unene ule ule ulioondolewa. Goti hurudishwa jinsi lilivyokuwa kabla ya kuugua. Mtu aliyekuwa na matege kidogo ujanani hubaki na matege kidogo, na mara nyingi kano zake hazihitaji kuguswa.

Ukisikiliza maelezo hayo, moyo unakubali mara moja. Mimi pia nayaona yana mantiki. Lakini katika mambo ya tiba, maneno yenye mantiki hupimwa kwa wagonjwa, na tuone vipimo vimesema nini.

Mwaka 2010 madaktari wa kliniki ya Mayo huko Marekani walitoa ripoti ya magoti 398 waliyoyafuatilia kwa miaka 15. Walitaka kujua kama yale yaliyokaa sawa kwenye mstari, ndani ya digrii 3 huku au huku, yalidumu kuliko yale yaliyokosa mstari huo. Hayakudumu zaidi. Ripoti hiyo haikusema kwamba pembe haina maana. Ilionyesha kwamba kunyooka kwa mguu peke yake hakuamui goti litadumu miaka mingapi.

Halafu wakaja waliolinganisha njia mbili uso kwa uso, wagonjwa wakigawanywa kwa kura ili pasiwe na upendeleo. Huko Arizona, wagonjwa 88 walifuatiliwa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba baada ya miaka 2 wale waliofanyiwa kwa njia ya kufuata mguu wao walikuwa na maumivu machache kuliko wenzao na waliweza kukunja goti zaidi. Habari njema. Lakini huko New Zealand, utafiti kama huo wa magoti 99, uliochapishwa mwaka 2017, haukuona tofauti yoyote ya maana baada ya miaka 2. Wakawafuatilia tena hadi miaka 5. Bado hakukuwa na tofauti. Nyanya aliyenyooshwa na nyanya aliyeachwa na mguu wake, wote wawili walikuwa wakitembea vizuri.

Je, goti la njia mpya litadumu? Howell mwenyewe ametoa hesabu ya magoti zaidi ya 200 aliyoyafanya mwaka 2007: baada ya miaka 10, karibu 97 katika kila 100 hayakuwa yamehitaji kufanyiwa upya. Hiyo ni nzuri sana. Ila kumbuka kwamba ni mikono ya yule yule aliyeianzisha njia hiyo, na mpishi kila siku husifu chakula chake. Kwa upande wa magoti bandia kwa jumla, uchunguzi mkubwa uliotolewa mwaka 2019 katika jarida la Lancet ulikadiria kwamba kama magoti 82 katika kila 100 hudumu miaka 25. Magoti yaliyofikisha umri huo yaliwekwa kabla njia mpya haijazaliwa. Kwa hiyo mtu asikutishe kwamba njia ya zamani ni ya kubahatisha.

Hata hivyo, lipo jambo linalowasukuma madaktari kuendelea kutafuta. Mwaka 2010, uchunguzi wa wagonjwa 1,703 katika jimbo la Ontario, Kanada, ulionyesha kwamba karibu mmoja katika kila watano hakuridhika na goti lake jipya. Chuma hakikulegea, jeraha lilipona, picha ya eksirei ilikuwa nzuri, lakini mgonjwa akasema goti hili si langu. Waanzilishi wa njia mpya walitumaini kwamba kumrudishia mtu mguu wake kutaondoa malalamiko hayo. Huenda kwa baadhi kunasaidia. Wengine wasioridhika walikuwa wametarajia mno: walidhani watarudia kuruka kama wasichana, na hakuna aliyewaambia vinginevyo.

Kati ya njia hizo mbili kuna njia za katikati. Daktari Pascal-André Vendittoli wa Montreal, Kanada, hufuata mguu wa mgonjwa lakini ameweka mipaka: ikiwa kuufuata kutampeleka kwenye mpindo mkubwa, husimama kwenye mpaka na kurekebisha kiasi. Wengine hupima kwanza jinsi kano zilivyokaza, halafu husogeza chuma kidogo kidogo hadi goti lisawazike likiwa limenyooka na likiwa limekunjwa. Njia hii ya mwisho imepata umaarufu pamoja na roboti.

Na hapa nataka tuwe waangalifu, maana ndipo pesa za familia nyingi zinapoweza kupotelea. Roboti si njia ya kulipanga goti. Roboti ni chombo. Ni kama rula nzuri na msumeno usiotetemeka. Daktari ndiye anayeiambia ikate wapi. Roboti moja inaweza kutumiwa kuunyoosha mguu kama mlingoti, na kesho yake ikatumiwa kuufuata mguu ulivyo. Kwa hiyo mtu akikuambia, "Mpeleke kwa roboti atafanyiwa ile njia mpya," amechanganya mambo mawili. Chombo husaidia kukata mahali palipokusudiwa, hakikuchagulii mahali.

Sasa tutazame hali yetu hapa Kenya, ambayo si sawa na ya Arizona au New Zealand. Wagonjwa wengi kule hufika kwa daktari mapema. Hapa kwetu mtu huvumilia. Anaanza na kuchua kwa mafuta, anakwenda kwenye duka la dawa kununua vidonge vya maumivu, anameza miaka 5 hadi tumbo lianze kumuuma, na anapofika kwenye kliniki ya mifupa mguu umekwisha kupinda kiasi kwamba majirani wanamwona kwa mbali wakajua ni yeye. Mguu kama huo hauna matege ya digrii 3. Waweza kuwa na digrii 15 au 20. Mfupa umelika, na kano za upande wa nje zimenyooka zikalegea. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, ule mpindo sio maumbile yake, ni ugonjwa. Kuuacha ulivyo si kumrudishia mguu wake wa ujana. Madaktari wengi humrekebisha kuelekea kwenye mstari, na pengine hutumia goti bandia lenye shina refu ndani ya mfupa au lenye mshiko zaidi, ili lisiyumbe. Zile tafiti za kulinganisha njia mbili hazikufanywa kwa ajili ya miguu iliyopinda hivyo, na si haki kumwekea nyanya wa Nyeri au Kisii matokeo yake bila kufikiri.

Basi mnapokwenda kumwona daktari, msiulize tu, "Unatumia njia gani?" Muombeni awaonyeshe picha ya mguu mzima, kuanzia nyonga hadi kifundo, mgonjwa akiwa amesimama. Picha ya goti peke yake, mgonjwa akiwa amelala, haionyeshi mstari. Kisha muulizeni, "Daktari, mguu wa mama ulikuwa hivi tangu ujana au umepindishwa na ugonjwa? Wewe unakusudia kuuacha umenyooka kiasi gani, na kwa nini?" Daktari mzuri hatachukia maswali hayo. Njooni na picha ya zamani ya mama akiwa kijana, ile ya harusi au ya ubatizo wa kifungua mimba, kama miguu inaonekana. Mnaweza kucheka, lakini itawasaidia kueleza. Na mguu ule mwingine, kama haujaugua, nao husema mengi.

Halafu ulizeni swali ambalo, kwa maoni yangu, lina uzito kuliko la pembe: "Daktari, unafanya upasuaji huu mara ngapi kwa mwaka?" Mkono uliozoea njia moja na kuifanya vizuri ni bora kuliko mkono unaojaribu njia mpya kwa mara ya pili. Hapa nchini zipo hospitali ambazo zimefanya upasuaji wa magoti kwa miaka mingi, kama vile Kijabe na Kikuyu, na hospitali kuu za rufaa. Si lazima kuvuka bahari. Anayevuka bahari lazima afikirie nani atalitazama jeraha likitoa usaha wiki ya tatu, naye daktari aliyemkata yuko umbali wa saa nyingi za ndege.

Kuhusu malipo, msikubali tarehe ya upasuaji kabla hamjapewa kwa maandishi gharama yote: goti lenyewe, kitanda, dawa, damu ikihitajika, na mazoezi ya baadaye. Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ilichukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, kwa hiyo yale aliyolipiwa jirani yenu zamani yasiwe kipimo. Mwende ofisi ya bima ya hospitali muulize kwa mgonjwa wenu, na mkipewa kiasi, muulize pia ni aina gani ya goti kinalipia. Kama tofauti kati ya hospitali mbili ni ile njia ya kupanga goti tu, na ili kuipata mtalazimika kuuza shamba, mimi nawaambia wazi: tafiti zilizopo hazijaonyesha faida inayolingana na shamba. Pesa hizo zitamfaa zaidi mama kwa mazoezi ya miezi 3, chakula kizuri, na mtu wa kumsaidia nyumbani.

Kabla ya upasuaji kuna mambo ambayo mtunzaji ndiye mwenye uwezo nayo. Kama mama ana kisukari, sukari iteremshwe na idhibitiwe. Jino bovu litibiwe. Kidonda mguuni kipone kwanza, hata kiwe kidogo namna gani. Vijidudu vikiingia kwenye goti bandia huwa vigumu kuviondoa, na mara nyingine goti zima hutolewa. Hakuna mpango wa pembe utakaomsaidia mtu ambaye goti lake limeoza.

Akirudi nyumbani, kuna kosa moja ambalo hufanywa kwa upendo mwingi. Mama amelala, goti limevimba, anasema akilikunja kidogo anapata nafuu. Binti yake anachukua mto, anauweka chini ya goti. Usifanye hivyo. Goti likikaa limekunjwa wiki za kwanza, misuli na ngozi ya nyuma hujikaza, na mguu hukataa kunyooka. Daktari ameupanga kwa uangalifu chumbani mwa upasuaji, nasi tunaupinda kitandani kwa mto. Weka mto au taulo iliyokunjwa chini ya kisigino, ili goti lenyewe lining'inie na kunyooka. Itauma kidogo. Mpe dawa aliyoandikiwa nusu saa kabla ya mazoezi, kisha fanya naye jinsi mtaalamu wa viungo alivyowaonyesha, mara kadhaa kwa siku. Kwa choo cha shimo, mwambie seremala awatengenezee kiti cha mbao chenye tundu, maana kuchuchumaa kabisa kwa goti bandia huwa vigumu kwa watu wengi, kwa njia yoyote ile litakavyopangwa. Mwenye kuswali ataswalia kitini.

Wageni watakapokuja kumwona, mmoja atasema, "Mbona mguu haujanyooka kabisa? Walimharibu!" Usianze kulia. Sasa unajua kwamba huenda daktari aliuacha hivyo makusudi. Mwingine atasema mguu umekuwa mrefu au mama anatembea kama amevaa mguu wa mtu. Mguu uliokuwa umepinda sana ukinyooshwa huonekana mrefu, na mwili huchukua miezi kuuzoea. Vumilieni, na mwulizeni daktari siku ya kliniki.

Yasiyofaa kuvumiliwa ni haya. Jeraha likitoa maji au usaha, goti likiwa jekundu na moto pamoja na homa, mrudishe hospitali siku hiyo hiyo, na usimpe dawa ya vijidudu kutoka dukani kwa kubahatisha. Ndama ya mguu ikivimba na kuuma, huenda ni damu iliyoganda ndani ya mshipa. Nenda siku hiyo hiyo. Akishindwa kupumua ghafla au akiumwa na kifua, nenda saa hiyo hiyo hata kama ni usiku. Na miaka ikipita, mguu uliokuwa sawa ukianza kupinda upya, au maumivu yaliyokwisha yakarudi, hiyo pia ni sababu ya kwenda kupigwa picha, maana goti huenda limelegea au plastiki imelika.

Wekeni picha zote za eksirei pamoja na karatasi ya hospitali iliyoandikwa aina na ukubwa wa goti alilowekewa, mahali pakavu, juu, mbali na watoto. Daktari wa miaka 15 ijayo, ambaye huenda sasa bado yuko shuleni, atazihitaji.